Dashibodi ya lahajedwali

Dashibodi ya lahajedwali ni ukurasa wa lahajedwali unaoonyesha, kwa majedwali mafupi na chati, muhtasari wa data nyingi zilizohifadhiwa mahali pengine. Kwa kawaida data hizo zimo katika hifadhidata iliyo kwenye seva na hufikiwa kwa njia ya intaneti. Seva hizo zikiwa ni za kukodi kutoka kwa kampuni inayotoa huduma hiyo kwa watu wengi, hifadhidata huitwa *hifadhidata ya wingu*. Mtumiaji huona mistari michache tu, ilhali hesabu imefanywa juu ya maelfu au mamilioni ya kumbukumbu.

Katika Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, aina mbili za data zinaonyesha vizuri faida na mipaka ya njia hii: taarifa za vituo vya afya na mauzo ya korosho ghafi. Zote mbili hukusanywa katika ngazi ya kijiji na kata, kisha hujumlishwa kwa ajili ya maamuzi yanayowagusa wakazi wa Masasi, Newala na wilaya za jirani.

## Historia

Lahajedwali ya kwanza kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, iliyotolewa mwaka 1979 na Dan Bricklin na Bob Frankston. Ilifuatwa na Lotus 1-2-3 (1983) na Microsoft Excel (1985). Google Sheets, inayotumika ndani ya kivinjari, ilianza mwaka 2006.

Hifadhidata zilikua kwa njia nyingine. Mwaka 1970 Edgar F. Codd alieleza namna ya kupanga data katika majedwali yanayohusiana, na katika muongo huo wataalamu wa IBM walitunga lugha ya kuuliza maswali katika majedwali hayo, ambayo leo inajulikana kama SQL.

Lahajedwali ina kikomo cha ukubwa. Katika toleo la 2003, ukurasa mmoja wa Excel ulikuwa na mistari 65,536. Tangu toleo la 2007 una mistari 1,048,576. Kikomo hicho kikisahauliwa, data hupotea kimyakimya. Nchini Uingereza, kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingizwa kwa wakati katika takwimu za taifa. Sababu ni kwamba shirika la Public Health England lilitumia faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo lilijaa na kuacha mistari iliyozidi.

## Namna inavyofanya kazi

Njia ya zamani ni kupakua data zote na kuzifungua katika lahajedwali. Njia hiyo inafaa kwa data chache, lakini data zikiwa nyingi kompyuta huzidiwa. Aidha, nakala iliyopakuliwa huanza kuchakaa siku hiyohiyo.

Njia ya pili ni kuziacha data zilipo na kupeleka swali. Mtumiaji huchagua anachotaka, kwa mfano jumla ya kilo kwa kila wilaya na kila mwezi. Programu hugeuza uchaguzi huo kuwa swali la SQL, seva hufanya hesabu, na jibu tu ndilo linalorudi kwenye lahajedwali. Hata kumbukumbu zikiwa milioni kadhaa, jibu la wilaya 5 kwa miezi 12 ni visanduku 60. Google Sheets inaweza kuunganishwa hivyo na hifadhidata ya BigQuery, na Excel inaweza kuunganishwa na hifadhidata za aina nyingi.

Njia hii inafaa mahali ambapo intaneti ni ya polepole au ya gharama, kwa kuwa kinachosafiri ni muhtasari na si hifadhidata nzima.

## Taarifa za afya

Vituo vya kutolea huduma za afya nchini Tanzania hutunza kumbukumbu katika vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila mwezi kituo hujumlisha idadi ya wagonjwa, wajawazito, watoto waliochanjwa na huduma nyinginezo. Jumla hizo huingizwa katika DHIS2, programu huria iliyotengenezwa chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kufikia mwisho wa mwaka 2013 mfumo huo ulikuwa umeenezwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi hiyo.

DHIS2 ina dashibodi na majedwali ya muhtasari ndani yake, na matokeo yake yanaweza kuhamishiwa kwenye lahajedwali. Ili majibu yapatikane haraka, mfumo huandaa mapema majedwali maalumu ya uchambuzi, aghalabu usiku. Kwa hiyo takwimu iliyoingizwa asubuhi inaweza isionekane kwenye chati hadi majedwali hayo yatakapoandaliwa upya.

Anayesoma dashibodi hizo hana budi kuzingatia mambo matatu:

* Ukamilifu wa ripoti. Zahanati 3 kati ya 10 zisipoleta ripoti, idadi ya watoto waliochanjwa itaonekana kushuka hata kama hakuna mtoto aliyekosa chanjo. Kiwango cha ripoti zilizopokelewa husomwa kabla ya takwimu yenyewe.
* Kisanduku kitupu na sifuri. Sifuri ina maana kwamba huduma haikutolewa kwa mtu yeyote. Kisanduku kitupu kinaweza kumaanisha hilo au kwamba taarifa haikuletwa.
* Mahali pa huduma na mahali pa makazi. Mgonjwa huhesabiwa pale anapotibiwa. Hospitali ya Ndanda, iliyoko katika Wilaya ya Masasi, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka nje ya wilaya hiyo. Idadi ya waliohudumiwa ikigawanywa kwa makadirio ya wakazi wa eneo, asilimia inaweza hata kuzidi 100, na upande wa pili wilaya walikotoka wagonjwa ikaonekana kuwa nyuma.

## Mauzo ya korosho

Korosho za Masasi na Newala huuzwa kwa mnada kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka korosho katika chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), ambako hupimwa na kuandikwa kwa uzito na daraja. Vyama vya msingi viko chini ya vyama vikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Katika msimu wa 2024/2025 minada iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Data za namna hii zinaweza kupotosha zikijumlishwa bila uangalifu.

Wastani. Tuseme chama A kimeuza tani 10 kwa Sh 3,000 kwa kilo, na chama B tani 90 kwa Sh 2,000. Wastani wa bei hizo mbili ni Sh 2,500. Lakini mapato yote ni Sh milioni 210 kwa kilo 100,000, yaani Sh 2,100 kwa kilo. Anayetumia wastani wa kwanza kukadiria mapato atahesabu Sh milioni 40 ambazo hazipo. Wastani sahihi hupatikana kwa kugawanya jumla ya fedha kwa jumla ya kilo.

Msimu. Msimu wa korosho huvuka kutoka mwaka mmoja wa kalenda hadi mwingine, ndiyo maana huandikwa kwa miaka miwili. Jedwali linalojumlisha kwa mwaka wa kalenda huchanganya mwisho wa msimu mmoja na mwanzo wa mwingine. Hifadhidata inapaswa kuwa na safu ya msimu mbali na safu ya tarehe.

Bei isiyo ya mnada. Novemba 2018, baada ya bei za wanunuzi kukataliwa, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo. Bei hiyo ilipangwa, haikutokana na ushindani wa mnada. Chati ya bei za minada inapaswa kuuwekea alama msimu wa 2018/2019.

Makato. Bei ya mnada si fedha anayopokea mkulima, kwa kuwa hukatwa tozo na gharama mbalimbali. Dashibodi inayokusudiwa wakulima huonyesha bei zote mbili.

## Majina na mipaka ya utawala

Data za vyanzo viwili huunganishwa kwa kitambulisho kinachofanana. Jina la mahali peke yake halitoshi. "Masasi" ni jina la Halmashauri ya Mji na pia la Halmashauri ya Wilaya, na ni vivyo hivyo kwa Newala. Mkoa wa Mtwara una wilaya 5 lakini halmashauri 9. Orodha moja ikiandika "Masasi" bila kutaja ni ipi, takwimu za mji na za vijijini huchanganyika au kuhesabiwa mara mbili. Dawa yake ni kutumia namba maalumu kwa kila halmashauri na kila kituo.

Mipaka nayo hubadilika. Wilaya ya Tandahimba ilimegwa kutoka Newala, na Nanyumbu kutoka Masasi. Mfululizo wa takwimu unaopita miaka hiyo unaweza kuonyesha wakazi au mavuno "yakipungua", kumbe eneo ndilo lililopungua.

## Ulinzi wa taarifa

Dashibodi huonyesha jumla, lakini hifadhidata iliyo nyuma yake inaweza kuwa na majina ya watu, namba za simu na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inasimamia ukusanyaji na matumizi ya taarifa hizo. Kwa kawaida msomaji wa dashibodi hupewa ruhusa ya kuona muhtasari tu. Hata jumla huhitaji tahadhari: katika kijiji kidogo, ugonjwa uliompata mtu mmoja kwa mwezi unaweza kumtambulisha bila jina lake kutajwa.