Magomero, na Jinsi Mungu Alivyowashika Watu Walioshindwa

Katika mwaka wa Yubile ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, na watu waliobatizwa, na skuli zilizofunguliwa. Nayo ni desturi njema. Lakini sisi twapenda, wasomaji wapenzi, na hasa ninyi walimu mnaowafundisha watoto habari za Kanisa, tuwaongoze kwanza hata mahali ambapo Misioni ya Vyuo Vikuu ilianza kazi yake, ikashindwa, ikaondoka. Mahali hapo ni Magomero, katika nchi ya milima iliyo mashariki ya mto Shire, ambayo leo huitwa Malawi.

Askofu Charles Mackenzie aliwekwa wakfu Cape Town tarehe 1 Januari 1861. Mwezi wa Julai mwaka ule akapanda milimani pamoja na Daktari Livingstone. Njiani wakakutana na msafara wa watumwa, wenye miti shingoni, nao wakawafungua. Watu wale waliofunguliwa hawakuwa na kwao pa kurudi, wakafuatana na Askofu hata Magomero, wakajenga naye. Hivi ndivyo Misioni ilivyopata kundi lake la kwanza kabla haijajua lugha ya mtu hata mmoja.

Hapa ndipo ugumu ulipoingia. Wayao walikuwa wakipigana na wenyeji wa nchi, wakiwakamata na kuwauza. Askofu akaombwa msaada, akaona hawezi kukaa kimya, akashika silaha pamoja na watu wake. Vijiji vikachomwa moto. Mateka wengi wakapata uhuru, ni kweli, na moyo wake ulikuwa moyo wa huruma. Walakini katika Uingereza rafiki wa Misioni waliposikia kwamba Askofu ameingia vitani, wengi walifadhaika, nasi twaona walikuwa na haki ya kufadhaika. Vitabu vingine vya habari za Misioni hupita upesi hapo, kana kwamba neno hili halikutokea. Hatupendi desturi hiyo. Msomaji asiyeambiwa walivyokosa wazee wake hawezi kufahamu walivyosamehewa.

Kisha njaa na maradhi vikaingia Magomero, na wengi katika wale waliofunguliwa wakafa. Januari 1862 Askofu akashuka pamoja na Padre Henry Burrup mpaka panapokutana mito ya Shire na Ruo, apate kuonana na Livingstone. Njiani mtumbwi wao ulipinduka, dawa za homa zikapotea majini. Wakangoja katika kisiwa kidogo, wala Livingstone hakuonekana. Homa ikampata Askofu, naye hana dawa. Akafa tarehe 31 Januari, umri wake miaka 36. Burrup, mwenyewe mgonjwa, akavuka naye ng'ambo ya mto, akamzika chini ya mti. Giza lilikuwa limekwisha ingia, kitabu hakisomeki. Basi akasema maneno ya maziko kadiri alivyoyakumbuka kwa moyo.

Twawasihi walimu wasimame kidogo mahali hapa. Mtu huyu ameona kazi imevunjika, mkubwa wake amekufa, yeye mwenyewe yu karibu kufa. Hana nguvu ya kutunga sala mpya. Lakini maneno aliyoyazoea kila siku yalikuwamo ndani yake, yakambeba yeye, wala si yeye aliyeyabeba. Tukiulizwa msaada wa Mungu ulikuwa wapi siku ile, twajibu kwamba ulikuwa hapo. Homa haikuondolewa. Burrup alirudi Magomero, akafa mwezi uliofuata.

Waliosalia wakahamia kwa Chibisa, karibu na mto, na huko nako wawili wakafa mwaka 1863: Padre Scudamore na Daktari Dickinson. Akaja Askofu mpya, William Tozer, akajaribu kukaa juu ya mlima wa Morambala, akaona haiwezekani. Mwaka 1864 akaiondoa Misioni, akaileta Unguja. Livingstone alisikitika sana, na watu wengi wakamlaumu Tozer kuwa ameukimbia msalaba. Sisi hatumhukumu hivyo. Kufa kishujaa huku watu wanakusifu, pengine ni rahisi kuliko kuchukua aibu ya kurudi nyuma na kuanza tena kwa kitu kidogo.

Nacho kitu chenyewe kilikuwa kidogo sana. Sultani Majid alimpa Askofu watoto watano wanaume, waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio skuli yote, na karibu ndio Misioni yote. Padre Edward Steere, aliyekuja pamoja na Tozer, akakaa na watu wa Unguja akijifunza maneno yao, na mwaka 1870 akapiga chapa kitabu chake cha lugha ya Kiswahili. Soko la watumwa likafungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la Kanisa Kuu likawekwa mahali pale pale palipokuwa soko. Katika wale watoto watano mmoja, John Swedi, aliwekwa kuwa shemasi mwaka 1879.

Ziwa Nyasa nalo halikusahauliwa. Njia ya Shire ilipokuwa imefungwa, Steere alitafuta njia ya pwani ya kusini, na mwaka 1876 watu waliofunguliwa katika utumwa wakakaa Masasi. Miaka michache baadaye, Padre William Johnson na Padre Chauncy Maples wakaifanya Likoma, kisiwa cha ziwani, kuwa makao ya kazi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo twalipenda kuliko yote. Wale Wayao ambao Misioni ilipigana nao katika mwaka wake wa kwanza, mtoto wao mmoja aliuzwa utumwani, akakombolewa, akafundishwa Unguja. Jina lake Cecil Majaliwa. Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa upadre, wa kwanza katika Waafrika wa Misioni hii. Akafanya kazi yake Chitangali, katika nchi ya jumbe Barnaba Nakaam, akiwahubiri Wayao kwa Kiyao.