Moshi wa taka na mwana wa arubaini

Mwaka juzi dada yangu mdogo alikuja kujifungulia kwa mama, Kisauni, kama ilivyo desturi yetu, akakaa ndani siku zake arubaini. Kila siku baada ya swala ya alasiri mimi ndiye niliyetia moto taka pale uani: maganda, makaratasi, chupa za plastiki, nepi za mwana, na siku moja vipande vya nyaya za umeme alivyoviacha fundi. Mama hakuona kosa. Alisema moshi wafukuza mbu.

Aliyenishtua ni jirani, mama mmoja aliyestaafu kazi ya afya ya umma. Alichungulia juu ya ukuta akaniuliza, "Mwanangu, huo ubani wamfukizia nani?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanipa neno ambalo sikuwa nalijua, dioksini, nami tangu siku ile nimekuwa nikisoma kulihusu kila nipatapo nafasi.

Dioksini si kemikali moja bali ni ukoo mzima. Pamoja na jamaa zake zinazofanana nazo wamezihesabu zaidi ya 400, ingawa zenye sumu ya kutisha ni kama 30. Hakuna anayezitengeneza ili auze. Huzalika zenyewe pale kitu chenye klorini kinapoungua kwa moto hafifu. Na klorini imejaa majumbani mwetu: iko katika plastiki ya PVC, yaani mapaipu ya maji, ngozi ya waya za umeme, kapeti za plastiki na vitambaa vya meza vile vya kupanguswa. Waya ndio mbaya zaidi, kwa kuwa shaba iliyomo huchochea dioksini zizalike kwa wingi. Wale vijana wanaochoma nyaya ili wauze shaba kwa mwenye vyuma chakavu wanavuta kitu ambacho hawajaambiwa. Hata kuni zilizolowa maji ya bahari zina klorini, kwa sababu ya chumvi.

Ili kuziangamiza dioksini kunahitajika joto la zaidi ya nyuzi 850. Moto wa uani haufiki huko. Wenyewe tunauona, unafuka tu mpaka isha.

Mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka ile iliyo kali kuliko zote, TCDD, katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Lakini nisikutie hofu ya bure. Moshi wa jioni moja haumpi mtu saratani. Ubaya wa dioksini ni kwamba haziondoki. Huingia katika mafuta ya mwili, na huchukua miaka 7 hadi 11 kupungua nusu. Kidogo cha leo hujumlishwa na cha jana.

Jambo lililonishangaza zaidi ni njia inayopita. Nilidhani hatari yote ni pua. Kumbe zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zinazomfikia mtu hupitia chakula: nyama, maziwa, mayai, samaki. Moshi hupaa, jivu hutua, kuku wa uani huparura, na lililoingia kwa kuku hutoka katika yai. Mwaka 2005 mayai ya kuku waliofugwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, yalipimwa, yakakutwa na dioksini zaidi ya kiwango kinachoruhusiwa Ulaya. Sasa fikiria yai la kienyeji tunavyolisifu, na anayepewa kwanza ni nani kama si mtoto aliyeanza kula?

Kwa mtoto kuna uzito wa pekee. Mwili wake ni mdogo, na kwa kila kilo anakula kuliko sisi. Anatambaa kwenye vumbi kisha anatia vidole kinywani. Ana miaka mingi mbele ya kukusanya sumu. Na aliye tumboni ndiye dhaifu kuliko wote, kwa kuwa viungo vyake ndiyo kwanza vinaumbika. Pale Seveso, Italia, kiwanda kilipolipuka tarehe 10 Julai 1976, karibu watu 200 walipatwa na vipele vibaya vya ngozi, wengi wao watoto. Miaka mingi baadaye, watoto waliozaliwa na akina mama wa sehemu ile walionekana kuwa na mabadiliko katika tezi la shingo, lile linaloongoza ukuaji. Huko Taiwan, mwaka 1979, mafuta ya kupikia yaliingia sumu za ukoo huu, na watoto waliozaliwa na mama walioyala walichelewa kukua na kufahamu.

Hapa dada yangu aliniuliza swali ambalo kila mama ataliuliza: na maziwa yangu? Ni kweli, dioksini hupita katika maziwa ya mama, maana yana mafuta. Lakini Shirika la Afya Duniani limepima pande zote mbili na bado linasema mnyonyeshe, miezi sita ya kwanza bila ya kitu kingine. Usimwachishe mwanao ziwa kwa sababu ya makala yangu. Nchi zilizobana moshi wa taka na viwanda zimeona kiwango katika maziwa ya akina mama kikishuka. Kinachotakiwa kuzimwa ni moto.

Basi sisi tumeacha. Maganda na mabaki ya chakula tunafukia chini ya mkungu. Jiko la makaa haliwashwi tena kwa kipande cha plastiki. Jivu la zamani nimelichimbia mbali, halitiwi kwenye mchicha, na kuku wamezungushiwa wavu. Chupa anachukua mnunuzi.

Zimebaki nepi. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, nasi tunatenganisha, tunamlipa kijana wa mkokoteni. Nilimfuata siku moja nione anapeleka wapi. Alizimwaga zote pamoja kwenye jaa lililo nyuma ya madrasa, na jaa lenyewe lilikuwa linafuka. Wazazi thelathini tumetia saini barua ya kuomba taka zile zizolewe. Imepokewa, ikagongwa muhuri. Jibu bado.