Ujira wa Fundi na Muda wa Kudai

Tangu migodi mikubwa ifunguliwe Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001, ujenzi umepamba moto katika miji yetu. Fundi mmoja alinijia msikitini Kahama kulalamikia ujira wake. Mdaiwa wake, anayeswali safu ya mbele, hakukana. Alisema tu: "Sheikh, miaka sita imeshapita."

Je, deni limekufa?

Fuqahaa wa Kihanafi walisema fundi ambaye kazi yake imeacha athari ndani ya kitu, kama mtia rangi nguo, ana haki ya kukizuia mpaka alipwe, mpagazi hana. Imamu Zufar alimkatalia hata mtia rangi. Lakini mwashi atazuia nini, na nyumba imesimama juu ya ardhi ya mwenyewe? Sheria ya Madai ya Misri ya 1948 iliwapa wakandarasi na wasanifu haki ya kutangulia wadai wengine katika thamani waliyoliongezea jengo, kwa sharti haki hiyo isajiliwe, na daraja lake huhesabiwa tangu siku ya usajili. Anayechelewa hutanguliwa. Marekani, ambako jimbo la Maryland lilitunga sheria ya namna hii mwaka 1791 mji wa Washington ulipokuwa ukijengwa, muda ni mfupi mno. California kwa kawaida ni siku 90 tangu kazi kukamilika.

Kwetu Tanzania fundi hutegemea kushitaki. Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971 inampa miaka 6 katika madai ya mkataba.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Majalla ya Dola ya Uthmaniya, iliyotolewa kati ya 1869 na 1876, ilimzuia kadhi kusikiliza madai ya deni baada ya miaka 15, ili kuziba mlango wa madai ya uongo. Hata hivyo ilitamka wazi kwamba haki haianguki kwa kupita zama: mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, muda hautazamwi. Muda huziba sikio la mahakama. Dhima inabaki shingoni. Nilimweleza hivyo yule ndugu wa safu ya mbele, naye alikuwa amekwisha kukiri kwa ulimi wake.

Sheria ya 1971 nayo ina mlango: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini, hesabu huanza upya. Fundi wetu alikuwa na ahadi za simu tu.

Wallahu a'lam.