Kakao ya Beni: sababu gani jina la shamba ni feza

Katika vilima vya Naoussa, inchi ya Ugiriki, kuna divai nyekundu ya zabibu aina ya Xinomavro inayotoka katika shamba moja tu la familia. Jina la shamba linaandikwa juu ya chupa, na munywaji anakubali kulipa zaidi sababu anajua udongo na wenye kuulima. Katika teritware ya Beni, zao linaloweza kufuata njia ile ni kakao.

Kakao ilienea Beni kisha ugonjwa wa kunyauka, tracheomycose, kumaliza kahawa robusta katika miaka ya 1990. Leo inapatikana Mbau, Oicha, Mangina, Mutwanga na Watalinga. Muti unaanza kuzaa kisha miaka 3 ao 4.

Ladha haitoke kwenye muti peke yake. Mbegu zikitolewa katika tunda, zinavundikwa siku 5 mpaka 7 ndani ya masanduku ya mbao ao chini ya majani ya ndizi, huku zikigeuzwa. Kisha zinaanikwa juani mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 7. Mbegu isiyovundikwa vizuri haiwezi kutoa harufu ya shokola.

Kakao ya eneo hili imekwisha kupata jina. Kampuni Original Beans ya Amsterdam inauza shokola nyeusi Cru Virunga, yenye kakao asilimia 70, na ya maziwa inayoitwa Femmes de Virunga. Mutwanga, chini ya mulima Rwenzori, kuna kiwanda cha shokola kinachotumia umeme wa maji; barrage ya pale ilianza kazi 2013.

Lakini jina linapotea njiani. Mashambulizi ya ADF yanazuia wakulima kufika mashambani, na wezi wanavuna mbele ya mwenyewe. Magunia mengine yanavuka mupaka kwa magendo kuelekea Bundibugyo, yanachanganywa kule na kuuzwa kama kakao ya Uganda. Mwaka 2024 tani moja ilipita dola 12.000 kwenye soko la dunia; bei kama ile inamuvuta mwizi sawa na mununuzi.

Kuna tena sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 juu ya misitu. Inaomba mununuzi aonyeshe mahali kamili pa kila shamba, na kuhakikisha kwamba pori halikukatwa pale kisha tarehe 31 desemba 2020. Kwa hiyo, kujua shamba si urembo wa chupa tena: ni ruhusa ya kuingia sokoni.

Kwa mukulima, hii inaanzia na mambo madogo: kuandikisha shamba katika koperative, kutochanganya mbegu zake na za watu asiojua zinatoka wapi, kuangalia bilanse wakati wa kupima, na kuchunga kila karatasi ya mauzo. Gunia lisilo na historia linauzwa kwa bei ya mununuzi.