Resident Evil 5

Resident Evil 5 ni mchezo wa video wa kutisha uliotengenezwa na kampuni ya Capcom ya Japani na kutolewa Machi 2009 kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Wachezaji wawili, kwenye skrini moja au kupitia intaneti, huwa wahusika Chris Redfield na Sheva Alomar. Hawa hupambana na Majini, watu walioingiwa na kimelea kinachotawala akili zao, mithili ya misukule.

Uchezaji
Kila mchezaji ana nafasi tisa tu za kubebea vitu, hivyo wawili hao hugawana risasi, mitishamba na dawa ya kupuliza. Anayejeruhiwa vibaya huwa mahututi. Mwenzake asipomwahi, wote wawili wameshindwa.

Lugha na mapokezi
Hadithi inatokea Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi. Hata hivyo, Majini hupiga kelele kwa Kiswahili, lugha inayosikika Afrika Mashariki. Video ya matangazo ya mwaka 2007, iliyomwonyesha Mzungu akiwapiga risasi Waafrika, ilizua shutuma za ubaguzi wa rangi.