Chazo Kabla ya Pomboo

Mtambile haina bandari. Ni mji wa njia panda kusini mwa Pemba: barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani inapita hapo, na nyingine inakata kuelekea Kengeja na Mwambe, kwenye vijiji vya wavuvi. Bahari huijia Mtambile kwa baiskeli na gari, ndani ya matenga ya samaki. Ukiwa hapo, ukaambiwa kwamba duniani kuna mikutano ya kitaaluma ya wakufunzi wa wanyama wa baharini, utadhani ni habari ya kazi ya mbali, kazi ya mabwawa ya kioo na pomboo wanaoruka kwa filimbi. Dai langu ni kwamba kazi hiyo si ya mbali hata kidogo. Historia ya kufunza viumbe vya bahari, ikiandikwa kwa haki, haina budi kuwa na sura ya pwani hii, na sura hiyo imeyatangulia mabwawa.

Kwa kawaida habari huanzia Florida, Marekani, mwaka 1938, lilipofunguliwa bwawa kubwa la Marine Studios, ambako pomboo waliwekwa watazamwe na watu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 akaajiriwa Adolf Frohn, mtu wa sarakasi, akamfunza pomboo aliyeitwa Flippy. Katika miaka ya 1960 Karen Pryor alikuwa Hawaii akifanya kazi hiyo kwa misingi ya sayansi ya tabia: mnyama akitenda linalotakiwa, filimbi inalia papo hapo, kisha anapewa samaki. Mwaka 1976 wakufunzi wakaunda jumuiya yao ya kimataifa, nayo ina mikutano ambako wenye kazi hubadilishana ujuzi. Hayo yote ni kweli, na yanastahili heshima. Kosa ni kufanya mwanzo wa mabwawa kuwa mwanzo wa ujuzi.

Mwaka 1884 Frederic Holmwood, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipeleka taarifa kwa chama cha elimu ya wanyama cha London kuhusu wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki waliotumia chazo kukamatia kasa. Chazo ni yule samaki mwembamba mwenye kibandiko kichwani, anayejinata kwenye papa, kasa au chombo na kusafiri bure. Kibandiko hicho ni pezi la mgongoni lililogeuka umbo, lenye vibao vidogo vilivyojipanga kama vya dirisha. Ukimvuta kwa nyuma, vibao vinasimama na mnato unazidi. Akijisukuma mbele mwenyewe, anabanduka. Mvuvi alilijua jambo hilo bila kitabu, ndiyo maana mshipi aliufunga mkiani. Chazo akiachiwa karibu na kasa, anakwenda kujinata, na kila mvuvi anavyovuta ndivyo samaki anavyoshika. Holmwood aliwaona chazo wenye pete ya chuma mkiani kwa ajili ya mshipi. Pete nyingine zilikuwa zimekaa muda mrefu hata nyama ikaota na kukaribia kuzifunika. Samaki hao walikubali kushikwa mkononi bila kuhangaika. Pete iliyomezwa na nyama ni ushahidi mzito kuliko masimulizi: chazo huyo hakuvuliwa asubuhi akatumika jioni akatupwa, bali alifugwa, akalishwa na akazoeshwa watu.

Na soko la kasa lilikuwapo tangu zamani. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, Periplus, kinataja kisiwa cha Menouthias kwenye pwani hii, ambacho wataalamu wengine hukiona kuwa ni Pemba na wengine Unguja au Mafia, na kinasema wenyeji walinasa kasa kwa vikapu vilivyotegwa kwenye mikondo ya maji. Magamba ya ng'amba yalikuwa bidhaa ya biashara ya ng'ambo. Watu walioishi na kasa kwa muda mrefu kiasi hicho walikuwa na sababu na nafasi ya kuzijua tabia za kila kiumbe kinachomwandama.

Patakuwa na wa kusema: chazo ni samaki, si mamalia, na anachofanya ni silika tu; hakufunzwa lolote. Nusu ya kwanza inajibiwa na jina la jumuiya yenyewe ya mwaka 1976, ambalo linataja wanyama wa baharini kwa jumla, si mamalia peke yao. Nusu ya pili ina uzito zaidi. Ni kweli kujinata ni silika, lakini kuruka pia ni silika ya pomboo; hakuna mkufunzi aliyemfundisha kuruka. Anachofundishwa ni kuruka wakati gani, mahali gani, mbele ya nani. Chazo naye ilibidi aondolewe hofu ya mkono, azoee kukaa kwenye maji machache, kisha aende kwa kasa badala ya kurudi kujinata chini ya ngalawa. Simsawazishi na pomboo kwa akili. Ninachosema ni kwamba kazi ya mwanadamu katika mambo yote mawili ni ya aina moja: kuijua tabia ya kiumbe, kisha kuielekeza.

Pingamizi jingine linaniuma, nami silikwepi. Pete ya chuma ndani ya nyama ni mateso, na mwisho wa kazi ulikuwa kifo cha kasa. Sidai mtindo huo urudishwe. Sheria inamlinda kasa, na inafaa imlinde; kisha nyama yake huweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Machi 2024, Kisiwa Panza, katika wilaya ya Mkoani ilimo Mtambile, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila. Lakini kulikumbuka jambo si kulitukuza. Bwawa nalo ni kifungo, na wakufunzi wenyewe wanalijadili hilo mikutanoni mwao. Mjadala huo ungenufaika kwa kuijua pete ya Holmwood, maana swali la mnyama anapata nini na anapoteza nini ni la zamani kuliko filimbi.

Yupo pia atakayesema kwamba ufundi usio na chama wala mkutano ni mazoea tu. Hapo nataja dago. Wavuvi wa Pemba, hasa wa Kojani, husafiri kwa misimu na kupiga kambi pwani za mbali, Bara na hata Kenya. Dagoni wenyeji na wageni hulala ufukwe mmoja, wakatazamana nyavu na kuulizana chambo, na kijana akajifunza kwa kumtazama mkubwa wake. Hakuna karatasi zinazosomwa, lakini ujuzi unapimwa papo hapo: kesho yake bahari inasema nani kasema kweli. Dago liko hai hadi leo. Ujuzi wa chazo huenda umebaki vichwani mwa wachache na ndani ya taarifa ya mgeni wa mwaka 1884, na wanaopaswa kuwa wa kwanza kuwauliza wazee sasa, kwa Kiswahili chao cha Kipemba, ni watafiti wa bahari walioko Zanzibar kwenyewe.