Baridi na Karatasi

Dada yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma muhula mmoja Sweden, kwa ule mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi, nyumbani tulikubaliana kwamba mtu wa kumuuliza habari za baridi ni mmoja tu: babu yetu mdogo, ndugu yake babu mzaa mama, aliyekaa Moscow miaka sita. Tukapanda matatu hadi Ahero. Dada alikuwa ameandika maswali kwenye daftari. Soksi ngapi? Mafuta gani ya midomo? Ati ni kweli pua hutoka damu?

Babu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lete hiyo pasipoti." Akavaa miwani, akaipekua ukurasa baada ya ukurasa, hata ile mitupu. Viza akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Walikupa tu hivi hivi?" akauliza. "Ulilipa, ukangoja, wakakupa?" Dada akajibu ndiyo, babu, wiki tatu. Mzee akacheka peke yake, akamrudishia. Habari za soksi hakuzijibu siku hiyo.

Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike haya. Tumezoea kusimulia habari za vijana wetu waliokwenda kusoma ng'ambo miaka ya sitini kama mpira wa timu mbili: huku Tom Mboya na ndege zake za Marekani, kule Oginga Odinga na misaada ya Moscow, Peking na Berlin. Kila upande una mashabiki wake hadi leo. Na wenyewe waliokwenda, msomaji, tukikaa nao, tunawauliza theluji ikoje. Wanatujibu kwa adabu, maana mgeni hujibiwa alichouliza.

Tukumbuke jinsi mlango ulivyokuwa mwembamba. Mwishoni mwa miaka ya hamsini kijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika au Zanzibar aliyetaka shahada alikuwa na Makerere, na Makerere ilichukua wachache. Cha Nairobi kilifunguliwa 1956 kama chuo cha ufundi. Cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi wa sheria ambao hawakufika ishirini. Nyerere mwenyewe ilibidi aende Edinburgh, 1949 mpaka 1952, kutafuta shahada yake ya M.A. Kwa hiyo Mboya alipopakia wanafunzi 81 kwenye ndege moja pale Nairobi, Septemba 1959, ilikuwa kama ukuta umetobolewa. Kufikia 1963 vijana karibu 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita katika tundu hilo. (Si wote walioikuta baridi. Baba yake Barack Obama, aliyeondoka mwaka huo huo wa 1959 kwa njia nyingine, alikwenda zake Hawaii, kwenye jua na bahari.)

Waliotaka kwenda Mashariki hawakupata ndege ya kukodi wala picha gazetini. Serikali ya kikoloni haikutaka kusikia mambo ya Moscow. Odinga alipozuru nchi za Kikomunisti mwaka 1960, aliporudi alinyang'anywa pasipoti. Ikiwa kiongozi alitendewa hivyo, kijana aliyemaliza shule juzi angempelekea nani ombi lake? Basi wakaanza kwenda bila karatasi, kwa kuufuata mto Nile.

Babu alikwenda mwaka 1962, akiwa na miaka ishirini. Alipanda basi Kisumu mpaka Kampala, akaenda Gulu, akavuka kuingia Sudan akijifanya mchuuzi wa samaki wakavu, na kweli alikuwa na gunia la samaki. Cheti chake cha Cambridge alikuwa amekikunja ndani ya kiatu. Kutoka Juba alipanda stima hadi Kosti, siku nyingi juu ya maji na mbu wasiohesabika, kisha treni hadi Khartoum, treni nyingine hadi Wadi Halfa, stima tena, treni tena, ndipo Cairo. Wengine walikamatwa njiani wakarudishwa. Yeye alifika na kiatu kimoja kimepasuka, cheti kikiwa na alama ya kisigino chake. Hicho cheti anacho mpaka sasa, nimekiona, alama ipo.

Cairo ya Nasser ilikuwa na ofisi za vyama vya ukombozi kule Zamalek, na redio yake ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu miaka ya hamsini. Vijana walifika pale wakajiandikisha na kungoja. Babu alingoja miezi miwili, analala chumba kimoja na watu saba, anakula maharage asubuhi na jioni. "Sikuwa mtu wa mahali popote," ananiambia. "Kenya hawajui nimetoka. Sudan hawajui nimepita. Misri wananiona lakini hawajaniandika." Mwishowe alipewa karatasi moja ya safari, yenye picha na muhuri, akapandishwa ndege.

Chuo alichopelekwa kilianzishwa Moscow Februari 1960 kwa jina la Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini. Februari 1961, baada ya dunia kupata habari kwamba Patrice Lumumba ameuawa, kikapewa jina lake. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa Kirusi tu. Mtu uliyeijua fizikia kwa Kiingereza unakaa na mwalimu anakufundisha kusema mlango, meza, huyu ni mama yangu. Baadaye ndipo unaingia kwenye masomo yenyewe, na kila mtihani unaandikwa katika kijitabu kidogo ambacho Warusi wanakiita zachotka. Mwalimu anakuuliza kwa mdomo, anakutazama, anaandika alama na kutia saini palepale.

Baridi nayo? Mwishowe alitueleza, dada alipokuwa jikoni ameshakata tamaa. Walipewa koti zito, kofia ya manyoya na viatu. Theluji ya kwanza alidhani ni sufi imepasuka mtini, akatoka nje kuangalia mti uko wapi. Januari unavuta pumzi na nywele za pua zinashikana. Saa kumi jioni ni giza. Madirisha yalikuwa mawili mawili, moja nyuma ya jingine, na mapengo yake wanafunzi waliyaziba kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa sabuni. Jumamosi walijaribu kupika ugali kwa unga wa ngano ule mnene wa uji wa watoto, kwenye jiko la wote mwisho wa ukumbi. Haukusimama. Waliula hivyo hivyo kwa supu ya kabichi, na Mrusi aliyelala kitanda cha pili, kijana wa kijijini ambaye naye alikuwa mgeni wa Moscow, alikula nao.

Huyo Mrusi anamtaja sana. Nami naona ni haki kumtaja, kwa sababu yanayofuata si mazuri. Mwanafunzi wa kigeni alilipwa rubo 90 hivi kwa mwezi, na Mrusi mwenzake hakufika nusu ya hizo. Ukarimu wa serikali uligeuka kijicho cha mtaani. Ukiongeza kijana mweusi anayetembea na msichana wa Kirusi, basi, jioni nyingine ziliisha kwa ngumi.

Tarehe 18 Desemba 1963, wanafunzi wa Kiafrika wapatao mia tano waliandamana mpaka Uwanja Mwekundu, chini ya kuta za Kremlin. Siku chache kabla ya hapo, mwili wa Mghana, Edmund Assare-Addo, mwanafunzi wa udaktari katika mji wa Kalinin, ulikuwa umeokotwa kando ya barabara nje ya Moscow. Alikuwa na uchumba na msichana wa Kirusi. Wenzake waliamini ameuawa. Madaktari wa serikali waliandika kwamba alikuwa amelewa na amekufa kwa baridi.

Hapo mimi husimama. Baridi ile ile tunayoichekea, ya sufi na pua, iliandikwa kwenye karatasi kuwa ndiyo muuaji. Inawezekana ilikuwa hivyo; mtu hufa kwa baridi. Lakini tazama ilivyo rahisi: hakuna wa kumshtaki, hakuna wa kumhoji, na marehemu mwenyewe ndiye mwenye kosa kwa kunywa. Maelezo hayo mawili hayajapatana hadi leo. Waandamanaji walibeba mabango, moja likisema Moscow ni Alabama ya pili, na kila aliyelisoma alielewa, kwa kuwa Septemba mwaka huo huo bomu lilikuwa limeua wasichana wanne weusi kanisani Birmingham, Alabama.

Babu alikuwamo, nyuma, karibu na Waganda. Kenya ilikuwa na uhuru wa siku sita. "Watu wa magazeti ya nje wakaniuliza, wewe raia wa wapi? Nikasema Kenya! Kwa sauti! Halafu nikakumbuka mfukoni nina ile karatasi ya Cairo."

Mambo hayo hayakuwa ya Moscow peke yake. Februari mwaka huo huo wanafunzi wa Kiafrika walikuwa wameandamana Sofia, Bulgaria, walipokatazwa chama chao, na wengi wakaondoka. Mwaka 1965 Wakenya 29 waliacha masomo Baku wakarudi nyumbani. Babu hakurudi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alikuwa amebakiza mitihani minne kwenye zachotka.

Alirudi 1968 na shahada ya uhandisi. Sasa fikiria saa aliyochagua. Odinga alikuwa ameshajiuzulu umakamu wa rais, Aprili 1966, na kuanzisha chama cha upinzani, KPU. Mtu wa Nyanza mwenye diploma ya Chuo cha Lumumba hakuhitaji kusema neno, karatasi ilimsemea. Alikwenda ofisi moja, wakataka tafsiri ya Kiingereza. Akaileta. Wakataka tafsiri iliyothibitishwa. Akaileta. Wakasema hawajui shahada hiyo ni sawa na ipi, angoje kamati ikae. Rafiki yake ndiye aliyekuwa na kisa cha kuchekesha. Warusi humpa aliyefaulu sana diploma yenye jalada jekundu, na wengine jalada la buluu. Rafiki huyo alipata nyekundu, akaiweka mezani kwa fahari. Karani akairudisha kwa ncha ya kidole, akamwambia, "Kadi ya chama hatuhitaji, tunataka cheti."

Babu alingoja kamati miaka miwili. Kisha akaenda kufundisha hesabu na fizikia katika shule ya harambee, akafundisha mpaka alipostaafu. Wahandisi wako wengi waliopita mikononi mwake. Yeye daraja hakujenga hata moja.

Ningeweza kumaliza hapo nikiwa nimewapa ushindi wale wa timu ya Mboya, lakini nao si kwamba wote walipokewa kwa vigelegele. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, akasoma biolojia Atchison, Kansas, ambako theluji nayo ipo ya kutosha, kisha Pittsburgh. Aliporudi Januari 1966 alikuwa na shahada mbili, na barua ya kumwahidi kazi chuoni Nairobi. Ameeleza mwenyewe katika kitabu chake *Unbowed*: alifika akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Alizunguka hadi profesa mmoja Mjerumani alipomchukua katika idara nyingine, na mwaka 1971 akapata udaktari wa falsafa. Yeye alipenya. Hata hivyo alisimama mlangoni kama babu, barua mkononi, na hakuna aliyeweza kumwambia ati wewe ni Mkomunisti.

Kuna jambo jingine dogo. Mwaka 1992, dola ya Kisovieti ikiwa imekwisha kuvunjika, kile chuo kilifuta jina la Lumumba. Kwa miaka thelathini na moja diploma ya babu ilitaja chuo ambacho hakikuwapo tena kwa jina hilo. Mwaka 2023 wakalirudisha. Nilimpelekea habari hiyo nikidhani atafurahi. Alikuwa anakamua ng'ombe. "Kwa hiyo nimehitimu tena," akasema, akaendelea kukamua.

Dada aliondoka Januari. Kabla hajaondoka, babu alimpigia simu mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa kumwambia atoe nakala za kila kitu: barua ya chuo, viza, orodha ya masomo, na kwamba matokeo asiyapokee bila muhuri. Wiki ya pili dada akatuma picha, amesimama mbele ya maktaba, theluji mpaka magotini, anacheka. Nikampelekea babu Ahero. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na miwani.

"Hajafunga masikio," akasema. "Mwambie afunge masikio."